Montségur msipande na ndala

Mhariri, kurasa zenu za safari naona ni fukwe tu kila wiki, basi na mie niseme ya huku Ufaransa. Ngome ya Montségur iko kileleni kabisa, kama mita 1,200 toka usawa wa bahari, njia yenyewe mawe yanateleza halafu watu wanapanda na ndala, jamani! Pale chini ndo Wakathari, Wakristo wa dhehebu ambalo Kanisa Katoliki liliwaita wazushi, zaidi ya 200 walichomwa moto Machi 1244, walizingirwa miezi kibao wakagoma kuikana imani yao, jiwe la kumbukumbu lipo njiani. Ila magofu mnayopigia selfi sio ngome yao, haya yalijengwa baadaye na upande ulioshinda, wengi wanashuka hawajui. Maji bebeni, juu hamna duka.

Msomaji wenu, Toulouse