Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka Mbeya, pamoja na neno kuhusu Kifaransa na majirani zetu

Ndugu, jamaa, wateja wetu na madereva wote wa njia ya Tunduma, nawasalimu katika jina la Mtoto aliyezaliwa Bethlehemu. Kamwene kwa watu wa Iringa na Njombe, mwagonile kwa watu wa Rungwe na Kyela, na wazee wangu wote shikamooni. Waliofiwa mwaka huu, poleni sana, tuko pamoja nanyi. Waliooa, walioolewa na waliopata watoto, hongereni.

Huku Mbeya mvua imeshika. Wengi tumeshapanda mahindi, na asubuhi ukungu unashuka mpaka barabarani. Soko la Mwanjelwa halipitiki kwa watu: mchele wa Kyela, viazi vya Uporoto, ndizi za Tukuyu, vitenge vya kushonesha kabla fundi hajafunga. Mabasi ya Dar yanashusha watu usiku kucha na mabegi yao. Iringa nasikia ulanzi umeanza kutoka vizuri. Mungu ametufikisha tena, na ni jambo la kushukuru.

Katika salamu hizi naomba niweke na jambo moja ambalo nimekuwa nikilifikiria kwa muda mrefu. Wengi mnajua shughuli yangu ni hati za mizigo inayopita hapa kwenda Zambia na Kongo. Mzigo ukishushwa bandarini Dar es Salaam, unapanda Kitonga, unapita Mafinga, Makambako na Uyole, unavuka Tunduma kuingia Nakonde, unaikata Zambia nzima hadi Kasumbalesa, ndipo unaingia Kongo. Njia yote hiyo hati zinasomeka kwa Kiingereza. Ukifika Kasumbalesa, meza inabadilika. Tamko la forodha ni la Kifaransa, hati ya FERI inayotakiwa kwa kila mzigo unaoingia Kongo ni ya Kifaransa, na barua ya kueleza kwa nini uzito wa kwenye ankara hauwiani na wa mizani nayo uiandike kwa Kifaransa.

Sasa toka nje ya hiyo ofisi. Utingo wa Kitanzania anaagiza chai kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili. Mwenye kuuza vocha, fundi wa matairi, mama wa chakula, hata yule afisa aliyekurudishia fomu, wote mnaelewana. Kiswahili chao kina ladha yake, na maneno kama «déjà» na «alors» yamo ndani yake bila shida, lakini mnaongea mpaka mnacheka. Lugha hiyo ina historia ndefu Katanga, eneo la kusini mashariki mwa Kongo lenye migodi ya shaba. Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi, alijenga ufalme wake Bunkeya na kuutawala mpaka alipouawa mwaka 1891, na misafara ya biashara iliyokwenda na kurudi ilitembea na Kiswahili. Baadaye migodi ya shaba ikakusanya watu wa makabila mengi, nao wakakifanya lugha ya kazi na ya mtaani.

Ibara ya kwanza ya Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema lugha rasmi ni Kifaransa. Kisha inazitaja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi anaweza kuishi maisha yake yote kwa Kiswahili, akapenda, akazika na kusali kwa Kiswahili, lakini siku akiitwa mahakamani au akitafuta hati ya kiwanja, anahitaji mtu wa kumsomea karatasi. Nimewaona watu wazima, wenye akili na mali zao, wakiwa wadogo mbele ya karatasi. Hilo ndilo linaloniuma.

Wenyewe Wafaransa walipita huko huko. Mwaka 1539 mfalme François I alitoa amri ya Villers-Cotterêts, kwamba hati za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa badala ya Kilatini. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye, mwaka 1794, Henri Grégoire alipeleka ripoti bungeni akieleza kuwa wanaokizungumza Kifaransa safi hawazidi milioni 3, na mamilioni ya wananchi hawakijui kabisa. Waliobaki walikuwa na Kibretoni chao, Kioksitani, Kibaski, Kialsasi. Kilichokieneza Kifaransa ni shule, jeshi na ofisi, na si kwa upole. Kule Bretagne, nchi ya hao Wabretoni, mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya mama yake alivishwa alama ya aibu shingoni, akae nayo mpaka amkamate mwenzake. Wazazi wa hapa mnaosomesha watoto, naamini mnalielewa hilo bila maelezo. Na pamoja na yote hayo, kifungu kinachosema lugha ya Jamhuri ni Kifaransa kiliingizwa katika katiba yao mwaka 1992 tu.

Barani Ulaya kwingine sitakaa sana. Ubelgiji wanacho pamoja na Kiholanzi na Kijerumani, Uswisi wanacho kati ya lugha zao nne, Luxembourg wanacho kwa sheria ya mwaka 1984. Canada walikipa hadhi sawa na Kiingereza serikalini mwaka 1969, na Quebec mwaka 1977 wakatunga sheria yao kali ya kukilinda, kwa sababu walijiona kisiwa kidogo katikati ya watu wa Kiingereza. Haiti ndiyo inayonigusa zaidi. Walijikomboa wenyewe mwaka 1804, watumwa waliolishinda jeshi la Napoleon, na taifa zima linaongea Kikrioli, ila Kikrioli kilisubiri hadi katiba ya mwaka 1987 ndipo kikawa lugha rasmi pamoja na Kifaransa.

Na huku kwetu Afrika mambo yanatembea kwa kasi. Katiba mpya ya Mali ya mwaka 2023 iliziweka lugha 13 za taifa kuwa rasmi, Kifaransa kikabaki lugha ya kazi. Burkina Faso wakafuata mkondo huo huo. Niger nao, katika mkataba wao wa mpito wa Machi 2025, wakakitangaza Kihausa kuwa lugha ya taifa, na mwezi huo huo nchi zote tatu zikatangaza kujitoa katika Shirika la Kimataifa la Francophonie, umoja wa nchi zinazotumia Kifaransa. Uzito wake unaonekana ukikumbuka kuwa shirika hilo lilianzia Niamey, mji mkuu wa Niger, tarehe 20 Machi 1970, na Rais Hamani Diori wa Niger alikuwa miongoni mwa waasisi wake, pamoja na Senghor wa Senegal na Bourguiba wa Tunisia.

Nawaelewa watu wa Mali. Hata hivyo kila nikisoma habari hizo najiuliza ni nani atakayeandika vitabu vya hesabu kwa lugha hizo 13, na hakimu wa wilaya atatoa hukumu kwa ipi. Algeria imekaa tangu uhuru wa mwaka 1962 bila kukipa Kifaransa nafasi yoyote rasmi, Kiarabu ndicho rasmi na Kitamazight kimeongezwa mwaka 2016, lakini kwa miongo yote hiyo udaktari na uhandisi umekuwa ukisomwa kwa Kifaransa. Kongo wanacho kwenye katiba na wananchi wengi hawakijui. Algeria hawana kwenye katiba na madaktari wao wanakitumia. Kwa hiyo tangazo la urasmi peke yake halinifurahishi wala halinihuzunishi mpaka nione mwananchi wa kawaida anaandikiwa nini akifika dirishani.

Majirani zetu wa karibu wameamua kuchanganya. Rwanda walihamishia shule kwenye Kiingereza kuanzia mwaka 2008, lakini Kifaransa hawakukifuta, na mwaka 2017 wakaongeza Kiswahili kuwa lugha rasmi. Katibu Mkuu wa Francophonie tangu mwaka 2019 ni Mnyarwanda, mama Louise Mushikiwabo. Burundi wana Kirundi na Kifaransa, wakaongeza Kiingereza mwaka 2014. Comoro wana Kikomoro, Kifaransa na Kiarabu.

Dunia nzima, kwa hesabu ya Francophonie wenyewe ya mwaka 2022, wanaozungumza Kifaransa ni kama milioni 321, na wengi wao wako Afrika. Kinshasa inahesabiwa kuwa mji wenye wasemaji wengi kuliko Paris. Umoja wa Mataifa unacho kati ya lugha zake sita, na sekretarieti yake inafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Kwenye Olimpiki, Kifaransa ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nafasi hizo zina watu nyuma yake: walimu wanaolipwa, wakalimani, kamusi mpya kila wakati, wanasheria wa kuandika mkataba kwa lugha mbili siku hiyo hiyo.

Na sisi tumepewa nafasi zetu. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne katika mkutano wa Dar es Salaam mwaka 2019, kando ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Umoja wa Afrika ukafuata Februari 2022. UNESCO wakatupa siku yetu, tarehe 7 Julai. Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi wa Februari 2021, waliridhia Kiswahili na Kifaransa viingie pamoja na Kiingereza, na mwaka uliofuata Kongo yenyewe ikajiunga. Hapa nyumbani sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Nilishangilia yote haya, na ningali nafurahi. Lakini mwenye lori anayekwenda Kolwezi bado hajaona fomu hata moja ya Kiswahili katika safari nzima, wakati anayeijaza ni Mswahili na anayeipokea anajua Kiswahili. Nawaomba wenye mamlaka katika Jumuiya waanze na hiyo fomu ya mpakani. Iwe na safu ya Kiswahili na safu ya Kifaransa. Dereva ajue anatia sahihi kitu gani.

Vijana wa nyanda za juu kusini, nanyi nina neno lenu. Kongo iko barabarani kwenu. Mchele wa Kyela, unga, saruji, vyote vinakwenda huko, na shaba inarudi mbele ya macho yenu kila siku pale Mafiati. Kifaransa ni somo la hiari katika shule za sekondari, na wengi mnalikwepa kwa kuona ni la watu wa Dar wanaotaka ubalozini. Lisomeni. Kijana wa Vwawa au Mlowo mwenye Kiswahili cha nyumbani, Kiingereza cha shuleni na Kifaransa cha kuandika barua ya forodha hakosi kazi, na ninasema haya nikiwa mtu ninayetafuta watu wa namna hiyo na kuwapata kwa shida.

Na msiache vya nyumbani. Kinyakyusa, Kihehe, Kibena, Kisafwa, Kinyiha na Kikinga havina ibara yoyote ya katiba inayovilinda, na havikuwahi kuwa nayo. Krismasi hii ninyi mliotoka Dar na watoto, waacheni wakae jikoni na bibi. Asiwageuzie Kiswahili kwa kuwaonea huruma. Waimbe naye nyimbo za kanisani kwa lugha yake, waulize vitu vinaitwaje, wakosee, warekebishwe. Likizo ya wiki mbili inatosha kuwapa salamu, majina ya vyakula na heshima ya kumwamkia mkubwa.

Kwa madereva mtakaokula sikukuu kwenye foleni, ama Tunduma ama Kasumbalesa, tunawakumbuka kwa sala. Ofisi yetu itakuwa na mtu wa zamu siku zote, pigeni simu hata usiku. Wenye magari madogo mnaopanda kuja huku, mvua ni kubwa: msilipite lori kwenye kona za Kitonga, pale Mlima Nyoka tumieni gia, na mteremko wa Iwambi ushukeni polepole. Mkifika salama, mbalaga ipo na chai ya Rungwe ipo.

Nawatakia wote Krismasi njema na mwaka mpya wenye afya, mvua za kiasi na mavuno. Na kwa jamaa zetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ambao najua ujumbe huu mtausoma bila kuhitaji mkalimani, bonne année, Mungu awape amani nchini mwenu.