Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu na Hallsands

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliazimia tuache kurukaruka kutoka mada hadi mada, tushike kijiji kimoja cha pwani ya Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, na kukisoma kwa kina. Tulichagua Hallsands. Nawaletea taarifa ya tulichokipata, pamoja na ombi kwamba tusikiache bado.

Hallsands kilikuwa kijiji cha wavuvi kwenye ghuba ya Start. Sensa ya mwaka 1891 ilihesabu watu 159 katika nyumba 37, nyuma jabali, mbele ufuo mpana wa kokoto. Walitega kaa kwa madema na kuvua kwa juya. Wenzetu waliokulia pwani ya Afrika Mashariki hawakuhitaji kuelezwa juya. Kilichowashangaza ni mbwa. Bahari ilipochafuka, mbwa wa aina ya Newfoundland waliogelea hadi kwenye mashua zinazorudi, wakaleta kamba nchi kavu ili watu wavute chombo. Kikao hicho kilichelewa kwisha kwa maswali!

Sehemu iliyotuuma ni ile ya kokoto. Mwaka 1897 jeshi la majini lilikuwa likipanua bandari yake ya Keyham, Plymouth, na zege ilihitaji kokoto kwa wingi. Serikali ilimpa leseni mkandarasi, Sir John Jackson, azichote mbele ya kijiji. Hoja ilikuwa kwamba bahari yenyewe ingezirudisha. Haikuzirudisha. Kokoto za ghuba ile ni akiba ya kale, zilisukumwa pale bahari ilipopanda baada ya zama za barafu. Hakuna mahali zinapotoka nyingine. Mhandisi Richard Hansford Worth alikadiria kuwa zilichukuliwa tani 650,000 hivi. Ufuo ukashuka, mawimbi yakafikia kuta za nyumba. Wanakijiji walipaza sauti, mbunge wao Frank Mildmay akawasemea, na Januari 1902 leseni ikafutwa. Lakini ufuo ulikuwa umekwisha kwenda.

Tarehe 26 Januari 1917 dhoruba ya mashariki ilikutana na maji makuu. Hakuna aliyekufa, ila ilibaki nyumba moja tu ya kukalika. Mwanakijiji Elizabeth Prettejohn aliendelea kuishi humo hadi alipofariki mwaka 1964.

Nasisitiza jambo moja, kwa sababu nimelisikia likipindishwa hata katika vikao vyetu: tusiseme kijiji kilimezwa na dhoruba, tukaishia hapo. Dhoruba zilikuwapo tangu enzi za mababu zao, na nyumba zilisimama. Kilichobadilika ni ufuo, na ufuo uliondolewa kwa idhini iliyoandikwa ofisini. Kila tunaposimulia, leseni itajwe kwanza.

Nampongeza pia mwanachama aliyetuandalia habari za Ella Trout, binti wa kijiji hicho. Septemba ya mwaka uleule wa 1917, meli ilipolipuliwa karibu na pwani, alipiga makasia akaenda kumwokoa baharia, na baadaye akatunukiwa OBE, nishani ya heshima ya Uingereza. Wanawake wa Hallsands walivua na walivuta juya. Habari zao zinastahili kikao kizima.

Kuhusu fedha, mweka hazina atasoma hesabu zake mwenyewe. Wanaodaiwa ada, tafadhali lipeni kabla ya mkutano. Katibu na kamati ya safari nawashukuru kwa dhati: wazee wetu walifika juu ya jabali na kuyaona magofu bila kusukumwa wala kuharakishwa.

Kwa mwaka ujao napendekeza tuhamie Beesands, kijiji jirani ambacho bado kina watu. Tuombe ruhusa ya kurekodi wazee wao: majina ya mawe na sehemu za kuvulia, namna ya kusuka madema, waliyosimuliwa na bibi zao kuhusu majirani waliopoteza nyumba. Mwenye kinasa sauti kizuri ajiandikishe kwa katibu. Kila mzee apewe nakala ya maneno yake kabla hatujayahifadhi, na akikataa sehemu fulani, ifutwe.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti