Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Dar es Salaam: Watafiti warudi na majibu

Ndugu Katibu Tawala,

Yah: Matokeo ya tafiti za maisha ya wananchi kurudishwa mitaani

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa katika Manispaa ya Temeke. Mojawapo ya kazi za mjumbe ambazo hazijaandikwa popote ni kupitisha watafiti. Barua ya utambulisho inatoka ofisini kwako, inashuka wilayani, inafika kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mwenyekiti wetu, naye ananipigia simu: "Mjumbe, kuna vijana wa chuo hapa, hebu wapitishe." Natembea nao, nabisha hodi, nawaambia wenye nyumba kwamba hawa ni wageni wetu, wana vibali, wasiogopwe. Wakimaliza wanashukuru, wanaondoka, na hapo ndipo mambo yanapoishia.

Siku hizi wengi wanakuja na maswali ya maisha endelevu: tunapikia nini, taka tunapeleka wapi, tunanunua nini na kwa nini, tuna furaha au hatuna. Ni maswali ya maana, na vijana wenyewe wana adabu. Sina ugomvi nao. Ombi langu kwako ni moja tu: barua unayowapa iwe na sharti kwamba mtafiti atarudi kwenye mkutano wa mtaa kutueleza alichokikuta, kwa Kiswahili, kabla hajaifunga ripoti yake. Hilo neno "kabla" ndilo nililoliandikia barua hii.

Chukua swali la nishati. Karibu kila dodoso linauliza nishati kuu ya kupikia katika kaya ni ipi. Mama anajibu, gesi. Hajadanganya. Mtungi wake wa kilo sita upo pale pembeni ya kabati, umefunikwa kitambaa cha kufuma. Anachemshia chai ya asubuhi, anakaangia yai la mtoto wa shule, anapashia kiporo usiku. Kijana anabonyeza "gesi" kwenye kishikwambi chake na kwenda swali linalofuata. Wakati huo huo uani, hatua chache kutoka walipokaa, maharage yanatokota juu ya jiko la mkaa tangu saa mbili, yamefunikwa sahani ya bati na juu yake jiwe. Sijamwona mtu mtaani kwetu anayechemsha maharage makavu au makande kwa mtungi wa kilo sita. Nyumba hiyo ina gesi na ina mkaa, kila kimoja kina zamu yake, na dodoso lina nafasi ya kimoja.

Tena zamu hizo hazipangwi na elimu, kama ripoti nyingi zinavyopenda kupendekeza mwishoni. Mama huyu anajua moshi unaumiza kifua kuliko anavyojua yule anayemuuliza. Kinachopanga ni fedha inavyoingia. Gesi ikiisha tarehe 18 na zamu yake ya kupokea fedha za mchezo wa kuchangiana iko tarehe 30, elfu ishirini na kitu ya kujaza mtungi haipo kwa mkupuo. Mkaa wa elfu moja upo dukani kwa Mangi, na Mangi anaandika kwenye daftari. Sisi tunanunua maisha kwa kupima: mafuta ya kula kwa kipimo, sukari robo, sabuni kipande. Umeme tumeuweza kwa sababu LUKU, mita ya kulipia kabla ya kutumia, inakubali hela ndogo. Utafiti unaotaka kujua kwa nini mkaa haukomi uanzie kwenye daftari la Mangi, siyo kwenye swali la "je, unafahamu madhara ya mkaa?"

Na hili siyo jambo la kinadharia, Ndugu Katibu Tawala. Mji huu umewahi kurudi nyuma. Benki ya Dunia katika andiko lake la mwaka 2009 kuhusu mkaa ilionyesha kwamba kaya za Dar es Salaam zinazotumia mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi asilimia 71 mwaka 2007. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2006, serikali ilijaribu hata kuupiga marufuku, na marufuku haikudumu. Leo tunao Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono kwa mikono miwili. Ila naomba kuuliza: yule mama wa mtungi wenye kitambaa na maharage ya uani, mwaka huo mtamhesabu upande gani? Kama hakuna atakayerudi mtaani na jedwali lake kabla ya kulichapa, ataingia kwenye ile 80, na mkaa utaendelea kushuka kwenye malori kama kawaida.

Kuna swali jingine ambalo sijalisikia likiulizwa. LUKU ya nyumba hii ni ya watu wangapi? Uswahilini nyumba moja ina vyumba sita au nane, kila chumba ni kaya yake kwa hesabu za sensa, lakini mita ni moja. Mnachanga. Kuna mwenye friji, kuna mwenye feni mbili, kuna yule anayepiga pasi usiku wa manane akidhani hasikiki. Ugomvi wa LUKU umevunja urafiki mwingi kuliko ugomvi wa mapenzi. Sasa wataalamu wanatuletea jiko la presha la umeme, wanatuambia linapika maharage kwa umeme kidogo, na mimi nawaamini. Lakini mpangaji akiingia nalo mlangoni, mwenye nyumba anamwambia hapa majiko ya umeme hapana, na wapangaji wenzake wanaitikia amina. Hapo kinachoitwa "tabia ya mlaji" ni tabia ya mita. Mtafiti akiyasoma matokeo yake mbele ya mkutano, kabla hajafika ukurasa wa pili kuna mpangaji atasimama amwambie hayo bure.

Nitaje pia kwamba swali lolote la LUKU linahitaji mjumbe wa kulituliza. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo, kwa hiyo anayeuliza nyumba ina mita ngapi anaonekana ametumwa. Wengine bado wana hofu ya bomoabomoa. Watu wakiwa na hofu wanajibu kwa tahadhari, na kwenye jedwali tahadhari inaonekana kama ukweli.

Halafu kuna ustawi. Hapa naomba univumilie kidogo. Kuna siku nilikaa pembeni binti mmoja akimhoji mama mtu mzima, mwuza vitumbua. Akamuuliza, kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, unaridhika kiasi gani na maisha yako kwa ujumla? Mama akajibu, "Alhamdulillah." Binti akasubiri. "Ni ngapi hiyo, mama?" Mama akamtazama, akasema, "Mwanangu, nimekwambia alhamdulillah." Wakavutana hivyo kwa upole hadi binti akaandika saba. Hiyo saba ni ya nani? Siyo ya yule mama. Kama angeulizwa wiki hii nani alimbebea ndoo ya maji alipoumwa mguu, nani anamwangalizia mjukuu akiwa kwenye karai, amechangia misiba mingapi na kwake walichanga wangapi, angezungumza mpaka adhuhuri ya pili. Katika mtaa wetu ustawi uko humo: kwenye mchezo wa akina mama, kwenye turubai na masufuria ya msiba, kwenye kuachiana mtoto bila kuaga. Na mambo hayo yanaweza kuhesabika, ukijua pa kuulizia.

Mtindo wa kuishi kwa kutumia vitu tena na tena siurefushi. Anayeuliza Temeke kama watu huwa wanatengeneza kifaa kilichoharibika badala ya kununua kipya, angegeuka kidogo tu angemwona fundi viatu, fundi redio na fundi majiko wamepangana barazani. Mitumba tunavaa, chupa za maji zina waokotaji wake na bei yake kwa kilo. Tatizo letu la taka ni gari lisilofika vichochoroni, na hilo mtafiti analiona kwa macho akija wakati wa mvua.

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 tulibadilika haraka kuliko wengi walivyotarajia, kwa sababu dukani haikuwepo. Haikuwa semina.

Sisemi kwamba jambo ninaloliomba halijawahi kufanyika. Mradi wa kuchora ramani za jiji, Ramani Huria, ulipoanza mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, walipita kwenye kata zinazofurika pamoja na vijana wa mitaa yenyewe, wakachora mifereji, vichochoro na nyumba, na ramani zikawekwa wazi kwa yeyote kuzitumia. Shirika la Twaweza nao tangu 2013 wamekuwa wakiwapigia watu simu kwa ajili ya utafiti wao wa maoni, Sauti za Wananchi, na matokeo wanayatoa kwa kifupi, kwa Kiswahili pia. Kwa hiyo inawezekana. Tulio wengi mitaani, hata hivyo, tunabaki kama mgonjwa aliyetolewa damu asipewe majibu.

Najua utaambiwa mwanafunzi hana bajeti. Hatuombi ukumbi, soda wala posho. Mkutano wa mtaa upo tu, tunakaa chini ya mwembe karibu na ofisi, tunajadili taka na ulinzi shirikishi. Nusu saa ya mtafiti tutaipata. Aje na ukurasa mmoja. Aje Jumapili, maana saa nne asubuhi ya Jumatano, muda ambao watafiti wengi hupita, mtaani wamebaki wazee, akina mama wenye watoto wachanga na wasio na kazi. Waliotoka alfajiri kwenda Kariakoo na viwanda vya Barabara ya Nyerere hawajawahi kuulizwa kitu.

Utaambiwa pia kuhusu siri za watu, na hapo naungana nao kabisa. Mtaa ni mdogo. Ukisema "mjane mmoja mwenye genge kona ya msikiti" umeshamtaja jina. Kwa hiyo arudishe picha ya jumla, majina na nyumba abaki nazo yeye.

Mji wenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022 hauwezi kujulikana bila tafiti, na sitaki watafiti wafungiwe milango. Kinyume chake, milango imeanza kujifunga yenyewe. Mwaka huu nimebisha hodi nikajibiwa kutoka ndani, "Mjumbe, waambie majibu ya mwaka jana yako kwenye droo gani."

Sharti lenyewe nimejaribu kuliandika, ulirekebishe utakavyoona inafaa: "Mtafiti atawasilisha muhtasari wa matokeo ya awali kwa lugha ya Kiswahili katika mkutano wa mtaa husika, na kupokea maoni ya wananchi, kabla ya kukamilisha ripoti yake. Mtendaji wa mtaa atasaini kuthibitisha kuwa mkutano huo umefanyika, na nakala itabaki katika ofisi ya serikali ya mtaa."

Naomba kama itakupendeza lianze na barua zitakazotolewa mwaka wa masomo ujao, hata kwa manispaa moja ya majaribio. Temeke tupo tayari.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mjumbe wa Kamati ya Mtaa,
Manispaa ya Temeke

Nakala: Makatibu Tawala wa Wilaya, Dar es Salaam
Nakala: Watendaji wa Kata, Manispaa ya Temeke
Nakala: Ubao wa matangazo, ofisi ya serikali ya mtaa