Riziki, zile chupa usianze kuziuza

Bukavu, siku ya tano usiku

Riziki dada yangu,

Aksanti kwa mesaji yako ya sauti, niliisikiliza asubuhi nikaenda kazini nikarudi nikaisikiliza tena mara mbili, nimefurahi watoto wako muzima na biashara ya Goma inatembea. Huku tuko, mama anakusalimia sana. Ila ile habari ya katoni uliyonunua ili uuze, chupa za vidonge vya antioksidanti, vitu vinavyozima radikali mwilini, imenikosesha usingizi, njo maana niko nakuandikia, juu kwa sauti ningelia na usingesikia kitu.

Umesema kwenye semina waliweka maji ndani ya glasi, wakatonesha iyodi, maji yakageuka rangi ya chai, wakasema hii ni damu ya mtu aliyejaa radikali, halafu wakamwaga unga wa kidonge chao na maji yakakuwa safi pale pale, watu wakapiga makofi. Riziki, mi ni laboranti, ile kitu naijua. Fanya mwenyewe nyumbani: nunua iyodi ya kupaka kidonda kwenye farmasi, tia matone mawili matatu kwenye maji, kamulia ndimu. Rangi itaondoka. Saga kidonge cha vitamini C, kile cha bei ndogo kabisa, itaondoka pia. Vitamini C inaipa iyodi elektroni, iyodi inakuwa iyodidi ambayo haina rangi, basi. Kwenye glasi ni kemia ya kweli. Lakini glasi haina ini, haina figo, haina damu yenye kuzunguka, na haina ugonjwa wowote wa kuponya.

Sasa usifikiri nasema yote ni uongo, hapana, na hiyo njo hatari yake, juu nusu ni kweli. Fikiria mbabula ya mama yako, lile jiko la makaa. Chakula ni makala, oksijeni ni ule upepo unaopuliza, na kila seli yako iko na mbabula zake ndogo sana zinaitwa mitokondria, humo ndani ndimo nguvu inatoka. Mbabula ikiwaka cheche zinaruka, haiwezekani ziache, na nyingi ya cheche hizo njo wale wa semina wanaita radikali. Cheche ya kwanza ni oksijeni iliyobeba elektroni moja ya ziada, inaitwa superoksidi, inazaa peroksidi ya hidrojeni, na peroksidi ikikutana na madini ya chuma inazaa hidroksili ambayo ni kali kuliko zote, inauma chochote kilicho karibu, mafuta ya ukuta wa seli, protini, mpaka DNA. Mmarekani mmoja Denham Harman aliandika mwaka 1956 kwamba hizo njo zinatuzeesha, halafu 1985 Mjerumani Helmut Sies akaeleza ile hali ya cheche kuzidi uwezo wa kuzima, stresi ya oksidishaji. Inaonekana kwenye magonjwa mengi kweli: kolesteroli ikioksidishwa, yaani ikiunguzwa na cheche, inakwama kwenye ukuta wa mishipa ya moyo, na kwa mtu wa sukari, glukozi ikijaa kwenye damu inasukuma mitokondria kutoa cheche nyingi zaidi, mishipa midogo ya macho, figo na miguu inaharibika.

Ila wale wa semina hawakukuambia kwamba mwili unajizimia moto wenyewe. Unakumbuka tukiwa primeri ulianguka pale kwenye mtelemko wa Kadutu ukachubuka goti, masista wakakumwagia maji ya oksijeni na povu nyeupe ikapanda, ukapiga kelele? Yale maji ni peroksidi ya hidrojeni yenyewe, ile cheche ninayokuambia, na povu ilikuwa enzimu ya damu yako, katalasi, inaivunja kuwa maji na oksijeni. Ulizaliwa nayo. Uko na nyingine inayozima superoksidi, McCord na Fridovich waliigundua 1969, na uko na glutationi, antioksidanti ambayo seli zinajitengenezea kutoka kwa protini unayokula. Vitamini C na E zinasaidia, ndiyo, lakini hazifanyi kazi peke yao.

Tena cheche zenyewe si adui tu. Chembe nyeupe za damu zinaua mikrobi kwa kuzimwagia superoksidi, wanaozaliwa bila uwezo huo wanaugua infeksyoni kali tangu wakiwa wadogo. Na dawa ya malaria tunayopewa sisi wote, ile yenye artemisinini iliyomletea Mama Tu Youyou wa China Nobel mwaka 2015, inafanya kazi namna gani? Inakutana na chuma kutoka kwenye damu ambayo mdudu ameila, inapasuka inakuwa radikali, inamuunguza mdudu humo humo. Sasa anayetaka kuzima kila cheche mwilini anataka kuzima nini hasa?

Nataka usome hii inayofuata polepole. Kule Finland waliwapa wanaume wavuta sigara vidonge vya beta-karotini, antioksidanti ile ile ya karoti na mawese, watu 29,133 kwa jumla, wengine wakapewa vidonge vitupu, wakawafuata miaka 5 mpaka 8. Walitegemea kansa ya mapafu ipungue. Mwaka 1994 wakatangaza matokeo, waliokunywa beta-karotini walipata kansa hiyo zaidi kwa asilimia 18. Zaidi, Riziki! Marekani walikuwa na utafiti kama huo wa watu 18,314, walichanganya beta-karotini na vitamini A, Januari 1996 wakausimamisha kabla ya muda juu kansa ilikuwa juu kwa asilimia 28. Na hii ya kutugusa sisi wa Kivu: watoto wa kwashiorkor, wale wa kuvimba miguu tuliokuwa tunawaona hospitali ya Lwiro, glutationi yao iko chini sana, kwa hiyo watu walifikiri ukiwapa watoto unga wa antioksidanti ugonjwa hautawashika. Wakajaribu Malawi kwa watoto 2,372, matokeo yakatoka 2005, haikuwakinga. Inaniuma kila nikiikumbuka, juu mi mwenyewe ningeiamini.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikukuambia mwaka jana. Tantine yangu wa Bagira, unamujua, yule wa kushona. Muuzaji mmoja alimwambia hizo chupa zinasafisha kongosho, akanunua tatu kwa dola 45 kila moja, akaacha metformini, dawa yake ya ugonjwa wa sukari, miezi mitatu hivi. Alipoanza kusikia kiu na kukonda akampigia yule muuzaji, akajibiwa mwili uko nasafishika, aendelee. Waliponiletea nikamtoboa kidole, mashine haikuandika namba, iliandika HI, maana yake sukari imepita 600, mwisho wa kipimo chake. Kidonda cha mguu alikuwa anakificha ndani ya soksi. Walimkata vidole viwili. Mpaka leo anaomba msamaha kwetu sisi, kama yeye ndiye aliyekosa.

Na wewe unataka chupa ya kwanza iende kwa papa yako, naye mgonjwa wa sukari.

Kama ni cheche za papa zinakuhangaisha, makala njo za kupunguza. Sukari ikishuka cheche zinashuka, kwa hiyo metformini yake ya kila siku, bugali kidogo, kutembea kila jioni, hizo zinamfanyia kazi kuliko chupa yoyote. Usimwondolee hata kidonge kimoja bila daktari wake.

Halafu majani. Hapo nitakuwa upande wako kabisa, majani ninayapenda. Lengalenga, ule mchicha, imesimama kwenye jua tangu asubuhi, haina miguu ya kukimbilia kivuli, kwa hiyo inajitengenezea kinga ya mwanga mkali, karotini, vitamini C, polifenoli za kila namna, na sisi tunakula ile kinga. Watu wanaokula mboga na matunda mengi wanaugua moyo kidogo, hiyo imeonekana nchi nyingi, lakini ukitoa kitu kimoja ndani ya jani ukakifunga kwenye kidonge faida haifuati. Pengine juu jani linakuja na nyuzinyuzi na potasiamu na vingine vingi pamoja, pengine pia juu baadhi ya vitu vyake, kama vile vya shu, ile kabeji, vinaishtua seli kidogo tu mpaka inaongeza enzimu zake yenyewe. Mimi hiyo ya mwisho njo inanifurahisha sana, kwamba mboga inafundisha mwili.

Mpikie papa sombe, majani ya muhogo, na mawese, ila mawese usiyachome mpaka yakuwe meupe kama anavyofanya shemeji, ile rangi nyekundu njo karotini yenyewe, ikiondoka imekufa. Weka kidogo tu, karotini inahitaji mafuta ili ipite tumboni. Sombe ikipikwa muda mrefu inapoteza vitamini C nyingi, na lazima ipikwe vizuri juu ya sumu yake, kwa hiyo muongezee kitu kibichi pembeni, nusu gwava ama ndimu kwenye avoka. Umeona avoka ukiikata inageuka nyeusi? Oksijeni hiyo. Tia ndimu, inakawia.

Kuhusu franga ulizolipa kwa katoni, rudi kwao kabla hujaifungua uombe zirudi, na kama wanakataa mi nitakuchangia, nasema kweli, afadhali tupoteze hizo kuliko mama mmoja wa kwaya yenu aache dawa juu amekuamini wewe. Watakuamini, Riziki, hiyo njo inaniogopesha, sura yako ni ya mtu wa kuaminiwa.

Kesho asubuhi, kabla papa hajanywa chai, mpime na mashine yake uniandikie namba. Na umvue soksi, uangalie miguu yote miwili, hata katikati ya vidole.

Ni mimi dada yako,
Neema