Kwa Mariamu, kuhusu wasichana wa bweni lako

Wandegeya, Kampala

Dada Mariamu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila mvua na foleni vinatumaliza.

Umeniuliza wataalamu wanasema nini siku hizi juu ya watoto wanaojiumiza mwili bila nia ya kujiua, maana wapo wasichana wa bweni lako wanaofanya hivyo, na mwalimu mkuu anasema wanajionyesha tu, anataka kuwafukuza wote.

Kwanza, bweni lako si la ajabu. Mwaka 2014 mtafiti Swannell na wenzake walijumlisha tafiti za nchi mbalimbali, wakakuta kiasi cha asilimia 17 ya vijana wanaobalehe wamewahi kujiumiza hivyo. Mwaka mmoja kabla, Wamarekani walikuwa wameliingiza jambo hili katika DSM-5, kitabu chao cha kuainisha magonjwa ya akili, kwenye sehemu ya mambo yanayohitaji kuchunguzwa zaidi. Tangu hapo tafiti zimefurika.

Lakini kinachonivutia mimi ni namna maswali yalivyobadilika. Zamani iliulizwa huyu ana ugonjwa gani. Wanasaikolojia Matthew Nock na Mitchell Prinstein, mwaka 2004, waliuliza kitendo chenyewe kinamfanyia kazi gani. Wengi hutaka kutuliza dhiki iliyowazidi, au kuhisi chochote pale nafsi ilipokufa ganzi. Wanaotafuta kitu kwa watu wengine ni wachache. Basi hiyo kauli ya “wanajionyesha” haina mguu wa kusimamia. Nani hujionyesha kwa kuvaa sweta la mikono mirefu kwenye jua la Kasese?

Siku hizi watafiti hutumia simu: kijana huulizwa mara kadhaa kwa siku anajisikiaje. Imeonekana kwamba hamu ya kujiumiza hupanda na kushuka, na mara nyingi haikai sana. Hapo ndipo wewe matroni una kazi, dada yangu. Msichana akipata mtu wa kukaa naye mpaka ipite, ameshavuka. Na usiogope kumuuliza. Imepimwa, kuuliza hakumchochei. Ila muulize faraghani, maana jambo hili huambukizana kati ya marafiki. Wala usilidharau kwa kuwa hakutaka kufa: wanaojiumiza wana hatari kubwa zaidi ya kujaribu kujiua baadaye. Kwa hiyo muuguzi na mshauri wahusishwe mapema.

Kinachoniudhi ni kwamba nyingi ya tafiti hizi ni za Marekani, Ulaya na sasa China. Sisi tumo pembezoni. Kwetu hapa, ambako kujaribu kujiua kumehesabiwa kosa la jinai kwa miaka mingi, ni mtoto gani atamfungulia moyo mtu mwenye daftari na kalamu?

Kwa mwalimu mkuu usiende peke yako, nenda na muuguzi wa shule. Mwambieni wazi kwamba akiwafukuza, atakuwa amewatenga na wewe, mtu mzima pekee waliyethubutu kumwambia.

Kikao ni lini? Kikiwa baada ya Jumamosi nitapanda basi la usiku nije tuingie pamoja. Mama msalimie sana.

Wako,
Halima