Mama mdogo kaniambia niichane hotuba

Assalaam alaykum Bi Mshauri. Shikamoo.

Nakuandikia saa 9 za usiku, uniwie radhi kama maneno hayatapangika. Sijalala tangu jana usiku. Nimewekwa ndani, leo siku ya nne, mwili wote unanuka singo ninayosuguliwa. Hina sijapakwa bado, ndiyo maana vidole vinaweza kuandika. Chumba cha pili naisikia cherehani inakwenda. Ni mama mdogo, anapinda kanga za sare. Ziko 52. Zimeandikwa "Nani kama mama".

Kupamba kwangu, ile shughuli ya wanawake ya kumpamba bi harusi, ni Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbi uko Chake Chake. Ninachotaka kukuuliza ni habari ya hotuba tu. Bi harusi akisimama mbele ya wanawake wenziwe aseme nini, aseme kwa muda gani, aanze na nani. Mimi ni mwalimu wa skuli, Kiswahili nasomesha, watoto wa darasa la sita nawafundisha kuandika hotuba kila mwaka: salamu, utambulisho, kiini, hitimisho. Kwa hiyo si kwamba sijui kuandika. Nimeshaandika saba. Zote ziko chini ya godoro hapa ninapokaa.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye mkubwa wa shughuli. Aliposikia nitasimama kusema alipiga makofi akasema bi harusi hana mdomo, bi harusi kazi yake kutazama chini, na kwamba hata dini imesema mwanamwali idhini yake ni kunyamaza. Somo wangu, anayenifunza mambo ya ndoa, naye akamuunga mkono. Mimi hadithi hiyo nimeisoma chuoni, chuo cha Kurani, ni ya binti anayeulizwa kuolewa akaona haya kujibu, kunyamaza kwake kunatosha. Haikusema anyamaze kwenye shukrani. Na chuoni hapo hapo tulifundishwa kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mwenyezi Mungu. Nilimwambia hivyo kwa adabu zote, akanijibu kwamba masomo yamenitia ulimi. Basi hilo la shangazi liache, ataridhika akipewa kiti cha mbele. Na kapewa.

Lililonikosesha usingizi ni karatasi ya kupangia viti ukumbini. Meza ya mbele: mama, shangazi, mama mkwe, somo. Jikoni: mama mdogo na majirani wawili. Yaani siku ya kupambwa mimi, mama mdogo atakuwa chumba cha nyuma ya ukumbi anahesabu sambusa na katlesi kwenye maboksi, asiingie mpaka watu washakula. Nilimuuliza nani kapanga hivi. Akasema, mwanangu, mimi wa jikoni, jikoni ndiko ninakokujua. Kasema huku anacheka. Bi Mshauri, kile kicheko mpaka sasa nakisikia.

Nikueleze, lakini usidhani namsema vibaya mama yangu. Simchukii mama. Naomba hilo ulisome mara mbili. Mama aliachwa mimi nikiwa mdogo sana, akapata kazi ya ndani Muscat, akaondoka mwaka 1999 sijatimiza hata mwaka. Angefanya nini? Nyumbani hakukuwa na kitu. Pesa alileta, si kila mwezi lakini alileta, na ada yangu ya chuo kikuu kalipa yeye, miaka mitatu yote. Baadaye akaolewa huko huko. Amekuja Pemba mara nne katika maisha yangu, hii ni ya tano. Ukumbi kalipa yeye, nguo yangu kanunua yeye, sare kaagiza yeye. Nikisema hakufanya kitu nitakuwa muongo na Mungu ananiona.

Na hotuba yenyewe ni yeye aliyeitaka. Hili sikukwambia pale juu. Mwezi uliopita alinitumia sauti kwa simu, ninayo mpaka leo, anasema, "Mwanangu, siku hiyo utasema maneno mawili ya kunishukuru mamako kwa malezi, watu wasikie. Nimepiga pasi nguo za watoto wa watu nikulee wewe." Analia. Na mimi nililia. Nikamjibu nitasema inshaallah. Kwa hiyo nimeahidi.

Nilipokaa kuandika ndipo nilipokwama kwenye hilo neno, malezi.

Ya kwanza niliandika kurasa mbili, mama mama mama, nzuri kabisa, ukiisikia utalia, lakini hakuna hata jambo moja ndani yake nililoliona kwa macho yangu. Yote nimehadithiwa kwa simu. Ya pili nikasema nitaje mambo ya kweli, nilivyougua degedege, nilivyosukwa nywele Alkhamisi jioni, nilivyofundishwa kukuna nazi, na kila nikiandika jambo la kweli mtu aliyemo ni mama mdogo. Msimu wa karafuu alikuwa akinibeba mgongoni mpaka shambani, ananilaza kwenye jamvi chini ya mkarafuu, yeye anachuma. Alikuwa analipwa kwa pishi. Usiku tunachambua, karafuu huku, makonyo kule, mimi nasinzia mikono inanuka. Pesa za msimu ndizo zilizokuwa zikinunua sare yangu ya skuli na msahafu wangu. Mpaka leo nikinusa karafuu mbichi namwona yeye, simwoni mtu mwengine.

Na liko jengine. Mama alipoondoka, mama mdogo alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, akafariki akiwa na siku chache. Kifua kimejaa maziwa na mtoto hayupo. Nikaletwa mimi. Akaninyonyesha mpaka nikatimiza miaka miwili. Mtaani kwetu kila mtu mzima analijua hili na hakuna hata mmoja anayelisema. Mimi mwenyewe nililijua kwa mwalimu wangu wa chuo, nilipokuwa na miaka 11, alikuwa anatufundisha maharimu, yaani jamaa ambao mtu haruhusiwi kuoana nao. Kwenye Surat An-Nisaa, aya ya 23, akafika pale kwenye mama zenu waliokunyonyesheni, akanitazama akasema, wewe mamako wa kunyonya ni fulani, watoto wake ni ndugu zako, muhishimu. Nilirudi nyumbani nikamkuta anaosha samaki, nikamtazama tu. Sikumwambia kitu. Lakini ile hadithi ya yule bwana aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) nani mwenye haki zaidi ya kutendewa wema, akajibiwa mama yako, na mama yako, na mama yako, kisha baba yako, toka siku ile nilikuwa nikiigawa: mama yako wa kwanza yule wa Muscat, wa pili huyu, na wa tatu nikawa najadiliana na nafsi yangu nimpe nani. Utoto huo, lakini nimekua na bado najadiliana.

Basi ile ya saba ndiyo niliyoipenda. Nimeipima kwa saa ya simu, dakika nne. Nimeanza na salamu, nikamshukuru Mungu, nikamshukuru mama kwa kunizaa na kwa jasho lake ugenini, nikasema wazi kwamba bila yeye nisingesoma. Halafu nimeandika hivi, nakunukulia:

"Na yuko mama mwengine, sasa hivi hamumuoni kwa sababu yuko nyuma anakutengenezeeni chakula. Alizika mtoto wake, akanipa mimi maziwa yake. Mama mdogo, njoo ukae hapa mbele, nataka nikutazame wakati napambwa."

Hapo nimepiga mstari kwa kalamu nyekundu kwa sababu kila nikifika sauti inakatika, nimejaribu mbele ya kioo mara nyingi, inakatika pale pale.

Jana usiku nikasema nimsomee kwanza. Nilikwenda nikakaa sakafuni karibu na cherehani, nikasoma. Hakuniangalia, mguu unakwenda tu. Nilipofika kwenye maziwa akasimamisha cherehani. Kimya. Halafu akasema, "Ichane hiyo karatasi. Mamako kaja kwa harusi yako, usimvue nguo mbele za watu." Nikamwambia simvui nguo, nimemshukuru yeye wa mwanzo, soma mwenyewe. Akasema, "Na mwanangu niliyemzika usimpeleke ukumbini." Kisha akaendelea kupinda. Kanga hizo hizo. Nani kama mama.

Toka hapo sijalala.

Usiniambie kwamba nilimkosea kwa kumsomea. Nilidhani atafurahi. Nani asingefurahi? Miaka yote sijawahi kusikia mtu akimwambia ahsante kwa sauti, hata mama, akija anamletea mafuta na udi na vitambaa, anamwambia "dada'ngu, umenisaidia", kama vile alimtunzia mizigo. Kusaidia! Na kadi za mwaliko zimeandikwa baba na mama, sawa, ndiyo desturi, sikusema kitu. Lakini jikoni? Wapishi wa kulipwa si wapo Chake? Nilimwambia shangazi tutoe pesa tuweke watu, akasema mama mdogo mwenyewe hajalalamika. Ndiyo, hajalalamika. Hajawahi kulalamika toka nimjue.

Rafiki yangu ananiambia niache kipaza sauti, ninunue doti ya kanga yenye jina zuri nimpe mama mdogo mkononi, atafahamu. Kwa wanawake wa hapa kanga inasema, najua. Lakini kanga atapewa chumbani, na jikoni kapangiwa mbele ya watu wote.

Tena ukumbi wetu unaujua ulivyo. Wanawake wanakaa wanasubiri neno. Nikitaja tu "mama aliyenilea", kabla sijamaliza kuna mtu atamfinya mwenziwe na kusema kuzaa si kazi, kazi kulea, na maneno yangu yatageuka kijembe kwa mama yangu, na DJ akitia taarab hapo hapo basi tena, kuna watakaonyanyuka na pesa kwenda kutunza huku wanamtazama yeye. Mimi sitaki mama aaibike. Kuna mpiga video, na mama atarudi na mkanda huo Muscat awaonyeshe wenziwe. Wakati mwengine, Mungu anisamehe, najisikia nataka auone. Nataka akae kwenye kiti chake cha mbele asikie neno maziwa. Halafu namkumbuka anavyolia kwenye ile sauti na najiona mtoto mbaya. Saa moja nasema sitosema kitu kabisa, nitatazama chini kama anavyotaka shangazi. Saa nyengine nasema nikinyamaza siku hiyo nitanyamaza maisha.

Mchumba wangu nimemweleza. Kasema niseme ninachotaka, lakini yeye ukumbi wa wanawake haumhusu, atakuja dakika za mwisho kunitoa. Si kosa lake.

Sasa nisaidie, maana naona nimezunguka sana. Sikuulizi tena nianze na nani, hilo nalijua. Nauliza hivi: mtu aliyekunyonyesha akikukataza kumshukuru, ni lazima umtii? Maana kumtii ndiyo haki yake, na haki yake nyengine ni kushukuriwa, na zote mbili siwezi. Nimefikiri niyaondoe maneno ya maziwa na ya marehemu, hayo ni yake si yangu, amesema na nimeelewa, nibakishe lile la kumwita aje mbele tu. Lakini akiitwa na akakataa kutoka jikoni, mbele ya watu wote? Anaweza, namjua. Au nimuoneshe mama hotuba kabla, yeye ndiye amwambie dadake akae mbele? Nikimuonesha na akasema hapana, basi nitakuwa nimeshajua jambo ambalo sijui kama nataka kulijua kabla ya kuolewa.

Karatasi sijaichana. Nilimwambia nimeichana. Huo ni uongo wangu wa kwanza kwake tangu utotoni, na nimeusema nikiwa nimewekwa ndani, nafunzwa ukweli wa ndoa.

Tafadhali nijibu kabla ya Alkhamisi, kwa sababu Alkhamisi napakwa hina na simu atashika somo. Na usiandike mtaa, Wete ndogo hii, wala usitaje hizo kanga ziliandikwa nini, watanijua. Au taja. Sijui. Fanya utakavyoona.

Wako,
Bi harusi, Pemba