Mjomba, kitanzi kilishajaribiwa: barua ya wazi

Mjomba, shikamoo.

Umesema sheria zimelegea, na kwamba mwizi akinyongwa hadharani wenzake watashika adabu. Naomba nikujibu kwa heshima, maana dawa hiyo ilishajaribiwa kwa zaidi ya miaka 100 na kumbukumbu zake zipo.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Uingereza ilikuwa na makosa yapatayo 200 ya kunyongwa. Biashara ilikuwa imekua, miji imefurika wageni, na jeshi kubwa la polisi wa kulipwa mshahara lilikuwa halijaundwa. Wenye mali wakategemea hofu. Ukiiba dukani kitu cha shilingi 5 za wakati ule, au ndani ya nyumba mali ya shilingi 40, ni kitanzi.

Sasa tazama kilichotokea mahakamani. Waamuzi wa kesi walikuwa raia 12 walioapishwa, watu wa kawaida wenye maduka na watoto. Mshtakiwa yuko mbele yao, ushahidi umekamilika, mali inajulikana thamani yake. Wanarudi na uamuzi: ana hatia ya kuiba mali ya shilingi 39. Yaani wanasema uongo chini ya kiapo, wakishusha thamani shilingi moja tu chini ya kiwango, ili mtu asife. Mwaka 1827 Bunge likapandisha kiwango hadi pauni 5. Waamuzi nao wakapanda: pauni 4 na shilingi 19. Pauni ilikuwa na shilingi 20, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Uamuzi huo ulimwokoa mtu na kitanzi, lakini wapo walioachiwa huru kabisa, na wapo walalamikaji ambao hawakutaka hata kufungua kesi. Hapo ndipo ukali ulipojiua. Mwaka 1830 wenye mabenki waliliomba Bunge lifute kifo kwa kosa la kughushi, na sababu yao ilikuwa pesa: waghushi walikuwa wanaponyoka kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwatia hatiani. Mwaka mmoja kabla, London ilikuwa imepata jeshi lake la polisi. Katika miaka ya 1830 sehemu kubwa ya makosa yale ikatolewa kwenye orodha ya kifo. Mwitalia Cesare Beccaria alishaandika tangu 1764 kwamba uhakika wa kuadhibiwa humzuia mtu kuliko ukali wa adhabu, ila alihitajika mtu wa kumkamata mwizi kwanza.

Gereza lililochukua nafasi ya kitanzi nalo lilikuja na ukatili wake. Lile la Philadelphia, Marekani, lililofunguliwa mwaka 1829 lilimweka kila mfungwa peke yake, na akitolewa chumbani alifunikwa uso asitambuliwe. Ilidhaniwa upweke ungemfanya atubu. Wapo walioharibikiwa akili. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, zinakataza kumtenga mfungwa kwa zaidi ya siku 15 mfululizo. Ilichukua muda mrefu mno kufika hapo, na inaniuma.

Badiliko ninalolipenda zaidi ni la faini. Faini ya kiasi kimoja kwa wote humfilisi maskini, ilhali kwa tajiri ni nauli tu. Tena sarafu ikishuka thamani, faini iliyoandikwa kwenye sheria inageuka mchezo. Finland ilianza mwaka 1921 kutoza kwa siku. Hakimu hupanga idadi ya siku kulingana na uzito wa kosa, kisha siku moja huhesabiwa kwa kipato: chukua pato la mwezi baada ya kodi, toa euro 255, gawanya kwa 60, halafu punguza kidogo kwa kila mtegemezi. Asiye na mtegemezi anayebaki na euro 855 baada ya kodi atalipa 10 kwa siku. Anayebaki na 2,055 atalipa 30. Kwa siku 12, mmoja analipa 120 na mwingine 360, na kila mmoja anaumia kwa kadiri yake.

Ugumu wake uko kwenye kujua kipato cha mtu. Kule mamlaka zinaangalia kumbukumbu za kodi. Pale ambapo wengi wanalipwa mkononi bila karatasi, tajiri atajitangaza maskini, na mwajiriwa mwenye hati ya mshahara ndiye atakayelipa kikamilifu. Kwa hiyo Mjomba, anayetaka kuiga faini hiyo aanzie ofisi ya kodi kabla ya kugusa sheria ya adhabu.

Mpwa wako.